Zilihukumiwa kufa, zikagoma: Kwa nini stori za giza hazitutoki akilini

Ni saa saba usiku. Kesho una darasa, au una kibarua cha asubuhi, lakini bado umejifunika blanketi hadi kichwani, simu mkononi, mwanga umepunguzwa kabisa. Kwenye skrini kuna jamaa mwenye masikio ya popo na kucha ndefu kama visu anapanda ngazi polepole. Unachokiona ukutani ni kivuli chake tu. Hakuna rangi, hakuna anayeongea. Muvi yenyewe ina zaidi ya miaka 100, na bado unaogopa kutoka kitandani kwenda msalani.

Halafu mlango unafunguka na mamako anachungulia: “Wewe! Hayo mashetani unayoyatazama usiku yatakuja kukuingia, ujue!”

Kama hilo limewahi kukupata, makala haya ni yako.

Huenda umewahi kujiuliza una kasoro gani. Wenzako wanasifia muvi za magari yanayoruka na wapenzi wanaooana mwisho wa stori, nawe unavutwa na majumba ya kale, maiti wasiotulia, wapelelezi walevi na filamu za ajabu ambazo ukimsimulia mtu anakuangalia mara mbili. Huna kasoro. Umeingia tu katika ukoo mkubwa wa wapenzi wa hadithi za Kigothiki, filamu zile za uhalifu na vivuli zinazoitwa noir, na filamu zenye wafuasi sugu wanaozirudia mpaka wanazikariri. Ukoo huo una historia, na historia yenyewe ni tamu kuliko muvi nyingi.

Kuna jambo moja utakaloliona likijirudia humo. Nyingi ya stori hizi zilitungwa na watu waliokuwa pabaya: waliofiwa, waliokimbia kwao, waliokosa pesa. Zikakataliwa na mahakama, na wakosoaji au na soko. Kisha zikaokolewa na watu wa kawaida, watazamaji na wasomaji kama wewe.

Tuanze na msichana wa miaka 18.

Mwezi Juni 1816, Mary Godwin alikuwa kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, pamoja na mpenziwe, mshairi Percy Shelley. Hawakuwa wameoana, Percy alikuwa na mke kwao Uingereza na wawili hao walikuwa wamehepa. (Ndiyo, hata enzi hizo.) Jirani yao alikuwa Lord Byron, mshairi aliyekuwa staa na mkora kwa wakati mmoja, aliyekuwa amekodi nyumba kubwa iitwayo Villa Diodati.

Ulipaswa kuwa msimu wa joto, lakini jua lilikataa kutoka. Mwaka uliotangulia, Aprili 1815, Mlima Tambora kule Indonesia ulikuwa umelipuka na kurusha majivu na gesi angani, na hali ya hewa ikaharibika hadi Ulaya na Amerika. Mimea ilikufa mashambani. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, nao vijana hao wakafungiwa ndani wakisomeana hadithi za mizimu. Byron akatoa wazo: kila mmoja atunge yake.

Mary ndiye aliyetunga *Frankenstein*.

Stori hiyo ya nyumba na mvua husimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni alichokuwa amebeba moyoni alipoingia nyumba ile. Mamake, mwandishi Mary Wollstonecraft, alikufa siku chache baada ya kumzaa. Halafu mwaka 1815 Mary mwenyewe alijifungua mtoto kabla ya miezi kutimia, na mtoto akafa baada ya siku chache. Katika shajara yake aliandika kwamba aliota mtoto yule amefufuka. Kwamba alikuwa amepata baridi tu, wakamkanda karibu na moto, akaishi. Kisha akaamka na mtoto hayupo.

Sasa soma tena stori ya mwanasayansi anayekusanya viungo vya maiti na kuvipa uhai. Utaona si mchezo wa kutisha watu tu. Ni mtu aliyefiwa anayeuliza: je, kama ningeweza?

Na hapo ndipo muvi nyingi zimetudanganya. Lile jitu la kitabuni si zuzu linalotembea mikono mbele likikoroma. Kwanza halina jina. Frankenstein ni jina la aliyeliumba. Pili, lina akili na ulimi mtamu. Linajifunza kuongea na kusoma lenyewe, likiwachungulia familia fulani maskini kupitia ufa wa ukuta. Linaokota kuni usiku na kuwaachia mlangoni kwa siri, likitumaini kwamba siku moja litakaribishwa ndani. Kosa lake ni kwamba lina sura mbaya, na aliyeliumba alilitazama mara moja tu akatoroka. Kama umewahi kukua na baba aliyeondoka, au kuhukumiwa kwa sura na mtaa unakotoka kabla hujafungua mdomo, unajua vizuri nani wa kuhurumiwa katika kitabu hicho.

Kilichapishwa Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Wapo walioamini kwamba kimeandikwa na Percy, mwanamume. Leo Percy anajulikana na wapenzi wa mashairi. Jitu la Mary linajulikana hata na mtoto wa chekechea.

Mary hakuwa wa kwanza katika aina hii. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa *The Castle of Otranto*, riwaya ambayo inaanza kwa bwana harusi kuangukiwa na kofia kubwa ajabu ya chuma na kupondwa nayo. Walpole alidanganya umma kwamba ni tafsiri ya hati ya kale ya Kiitaliano. Toleo la pili lilipokuja alikiri ni yake na kuiita hadithi ya Kigothiki, na jina likashika. Ukiniuliza, sikushauri uanze nayo. Inachosha. Ila ndiyo iliyoacha mbegu: jumba, siri ya ukoo, na dhambi ya babu inayomdai mjukuu.

Mbegu hiyo hata Kiswahili kinayo. Said Ahmed Mohamed, yule yule wa *Utengano*, alitoa mwaka 2001 riwaya *Babu Alipofufuka*, ambamo babu marehemu anarudi kumwandama mjukuu wake aliyezama katika anasa na madaraka. Mzimu hapo haji kutisha bure. Amekuja na hesabu mkononi.

Turudi kwa yule jamaa wa masikio ya popo.

Anaitwa Count Orlok, na muvi ni *Nosferatu*, iliyoongozwa na Mjerumani F. W. Murnau na kuonyeshwa Berlin mwezi Machi 1922. Waliotengeneza walichukua stori ya *Dracula*, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, wakabadilisha majina ya wahusika, lakini hawakulipa wala kuomba ruhusa. Stoker alikuwa ameshakufa, lakini mjane wake, Florence, alikuwa hai na kitabu hicho kilikuwa sehemu ya riziki yake. Akashtaki. Kampuni ya filamu ikafilisika. Hiyo ndiyo muvi pekee iliyowahi kutoa. Florence hakuona hata senti ya maana, kwa hivyo akadai kitu kingine, na mwaka 1925 mahakama ikaamua: nakala zote ziharibiwe.

Fikiria hilo. Filamu ikahukumiwa kifo.

Nyingi ziliharibiwa kweli. Lakini nakala kadhaa zilikuwa zimeshavuka mipaka, zikabaki kwa watu waliokataa kuzitoa au wasiojua kwamba zinatafutwa. Nakala moja ikazaa nyingine, na miaka ilivyopita mnyonya damu akarudi kwenye skrini. Na wala sisemi Florence alikuwa mbaya. Alikuwa mjane aliyeibiwa. Ukiwa msanii Nairobi na umewahi kuona kazi yako ikiuzwa bila wewe kupata chochote, utamwelewa haraka.

Utamu ni huu: katika kitabu cha Stoker, Dracula anaweza kutembea mchana, ila nguvu zake zinapungua. Ni *Nosferatu* iliyoleta wazo kwamba mwanga wa jua unamuua mnyonya damu. Kwa hivyo kila mara unapoona muvi ambayo vampaya anaungua kulipopambazuka, unatazama mtoto wa filamu iliyopaswa kuwa majivu.

Usiitazame macho yakiwa yamefungwa, lakini. Mgeni mwenye pua ndefu anayekuja kutoka mashariki akiandamana na panya na tauni: wataalamu wengi wameona humo picha zile zile chafu zilizotumika Ulaya kuwachukia Wayahudi. Hofu ni silaha, na anayeishika anaweza kukuelekezea popote. Kupenda stori za giza hakukuzuii kuuliza ni nani amewekwa pale kama jini.

Na ilikuwa hofu ya aina hiyo, ya kweli, iliyozaa filamu noir.

Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, watengenezaji filamu wengi, hasa Wayahudi, walitoroka Ujerumani. Baadhi yao walifika Hollywood: Billy Wilder, Fritz Lang, Robert Siodmak. Walikuja na ufundi wa vivuli walioujua Berlin, na walikuwa wameona jinsi watu wa kawaida, majirani wenye adabu, wanavyoweza kugeuka. Wapelekee hao stori za uhalifu za Marekani na unapata kitu kipya. Vita vilipokwisha, Wafaransa waliokuwa wamekosa muvi za Marekani kwa miaka walizipata kwa mkupuo, na mwaka 1946 mkosoaji Nino Frank akaziita *film noir*, yaani filamu nyeusi.

Ukitaka moja ya kuanzia, chukua *Double Indemnity* ya Wilder, ya mwaka 1944. Mhusika mkuu si jambazi. Ni ajenti wa bima! Jamaa wa suti, wa kugonga milango, kama yule anayekusumbua kwa simu saa za chakula cha mchana. Anakutana na mke wa mteja, wanapanga kumuua mume ionekane ni ajali, kwa sababu ajali ya aina fulani bima inalipa maradufu. Na Wilder hakufichi mwisho. Dakika za kwanza tu jamaa anaingia ofisini usiku, ana jeraha, anaketi na kuanza kukiri kwa kinasa sauti. Unajua ameshaisha. Unabaki kutazama alivyoisha.

Kwa nini tunapenda kutazama hivyo? Mimi nadhani ni kwa sababu noir inakubali jambo ambalo matangazo ya biashara na wahamasishaji wa mitandaoni hawakubali: kwamba unaweza kuwa mwerevu, ukavaa vizuri, ukawa na mpango, na bado mji ukakumeza. Ukishawahi kutuma maombi ya kazi 80 na kujibiwa na moja, halafu huyo mmoja akaitisha “kitu kidogo”, hutahitaji kufafanuliwa.

Wakubwa hawakuipenda stori hiyo. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, na wasimamizi wa kanuni hizo walikuwa wameizuia kwa miaka isifike kwenye skrini. Ilipotoka iliteuliwa kuwania Oscar 7. Haikupata hata moja.

Na giza lenyewe? Sehemu ni sanaa, sehemu ni ukata. Mwaka 1945 Edgar G. Ulmer alitengeneza *Detour* katika studio ya watu wasio na kitu. Hakuwa na pesa za kujenga barabara ya New York, kwa hivyo akajaza ukungu na kuweka taa ya barabarani. Basi. Umeshafika New York. Kuna mahali picha zimegeuzwa kushoto kulia, magari ya Marekani yanapita upande wa kushoto na dereva ameketi kulia, kana kwamba wako Thika Road. Ni makosa ya wazi kabisa, na mwaka 1992 filamu hiyo iliwekwa kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

(Nina lalamiko moja kuhusu noir: karibu kila mara mwanamke mrembo ndiye sumu. Mwanamume anaua, lawama anabeba yeye. Wadada mnaotazama, mna haki ya kukunja uso.)

Damu ya noir ilifika kwetu pia. Kama uliona *Nairobi Half Life* ya Tosh Gitonga ya mwaka 2012, unamkumbuka Mwas, kijana wa mashambani anayeuza muvi huku akiwaigizia wateja vipande vyake, kisha anakuja jijini kutafuta uigizaji na kuibiwa siku ile ile. Mchana mazoezi ya jukwaani, usiku uhalifu. Wilder angemwelewa Mwas vizuri sana.

Sasa twende kwenye zile muvi ambazo watu hawazitazami tu bali wanazifuata kama timu ya mpira.

Mwaka 1968 kikundi cha vijana wa Pittsburgh, Marekani, kilichokuwa kikitengeneza matangazo ya biashara kilichanga pesa na kutoa muvi ya kutisha yenye bajeti ya dola 114,000 hivi. Mwelekezi, George Romero, alikuwa na miaka 28. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Muvi ni *Night of the Living Dead*, na zombi wote unaowajua leo, wale wanaokokota miguu na kula watu, ni wajukuu zake, ingawa neno zombi halitamkwi humo hata mara moja.

Kiongozi wa waliojificha ndani ya nyumba ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji Mweusi. Hakuna anayetaja rangi yake katika stori nzima. Lakini filamu ilipokamilika Romero na mwenzake waliibeba ndani ya gari kuelekea New York kutafuta msambazaji, na njiani redio ikatangaza kwamba Martin Luther King ameuawa. Ilikuwa Aprili 1968. Sitakuambia mwisho wa muvi. Nitakuambia tu kwamba asubuhi inapofika na wenye bunduki wanapokaribia ile nyumba, utajua kwa nini watazamaji wa mwaka ule hawakuondoka kwenye viti vyao haraka.

Wasambazaji walibadilisha jina la filamu dakika za mwisho, na walipoliondoa jina la zamani wakaondoa pia tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja nalo. Kwa sheria za Marekani za wakati huo, hilo lilitosha: filamu ikawa ya umma. Romero na wenzake walipoteza pesa nyingi ajabu. Lakini kwa sababu kila kituo cha televisheni na kila muuza kanda angeweza kuionyesha bure, ikafika kila mahali. Kilichowatia umaskini ndicho kilichoifanya isife.

Nayo *The Rocky Horror Picture Show*, kichekesho cha nyimbo kinachokejeli muvi za kutisha, haikuvuma ilipotoka mwaka 1975. Mwaka uliofuata ukumbi mmoja wa New York, Waverly, ukaanza kuionyesha saa sita usiku. Watu wakaja wamevaa kama wahusika. Wakaanza kuijibu skrini. Kwenye harusi wakarusha mchele. Waandishi wa Marekani waliliona hilo kama muujiza, watazamaji kuongea na filamu.

Hapo mimi hucheka. Kwani hawajawahi kuingia kibanda cha video?

Sisi huku tumeongea na skrini tangu zamani. Umekulia kwenye sauti ya DJ Afro akimbatiza shujaa wa Kihindi jina la mtaani na kumshauri apige teke. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana mavijei, na hapo ndipo ilipotoka filamu ambayo kwangu ni mfalme wa ukoo huu wote katika Afrika Mashariki: *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010.

Isaac Nabwana aliitengeneza mtaani Wakaliga, Kampala, kwa bajeti ambayo hutajwa kuwa chini ya dola 200. Waigizaji ni majirani. Bunduki ni za kuchonga na vyuma vya kuokota. Helikopta ni ya kompyuta, tena kompyuta ya kuunganishwa kwa vipande vilivyotumika. Faili asilia za filamu hiyo hazikubaki. Toleo tulilo nalo ni lile ambalo VJ Emmie anapiga kelele juu ya kila mapigano, akisifu, akikejeli, akikutangazia muvi nyingine katikati ya muvi. Kipande chake kilipowekwa mtandaoni kikasambaa dunia nzima, na leo wapo wazungu waliopanda ndege mpaka Wakaliga ili wauawe kwenye filamu za Nabwana.

Na nani alimuua Captain Alex? Muvi inaisha bila kukuambia. Nabwana hakujali, nawe hutajali.

Kwa hivyo, kama bando linakutosha na usiku wa leo huna haraka, hivi ndivyo ningeenda. *Night of the Living Dead* iko wazi mtandaoni bila malipo na bila wizi. *Captain Alex* pia, wenyewe wameiweka YouTube. *Nosferatu* ya 1922 utaipata kwa urahisi. Ina matoleo mengi yenye muziki tofauti, kwa hivyo ukiona kinanda kinakukera jaribu jingine kabla ya kukata tamaa. *Frankenstein* nayo ni kitabu chembamba kuliko unavyodhani, na cha bure. Zima taa. Tafuta mtu mmoja wa kutazama naye, kwa sababu muvi hizi ukiwa peke yako zinatisha na ukiwa na mtu zinachekesha, wakati mwingine dakika ile ile.

Na mamako akifungua mlango, msogezee blanketi. Anaweza kukataa. Lakini niliyewahi kumsogezea mimi alisimama pale mlangoni, akauliza, “Sasa huyu mwenye makucha anataka nini?” na hakwenda kulala mpaka jua lilipomchoma Orlok.